Kuku wa Majaribio

Mwalimu wa udereva aliyeitwa Breki hakuwa mtu wa kuogopa ovyo. Siku nzima alikaa kando ya watu ambao hawajui hata usukani unazungushwaje, wakamwingiza mitaroni, wakampandisha kwenye bustani za watu, na yeye akasema tu "breki, breki, breki" kwa sauti ileile ya upole, mpaka jina likamganda. Lakini alimwogopa mama mkwe wake. Si kwamba mama huyo alikuwa na roho mbaya. Alikuwa na sauti. Maisha yake yote ya kazi alikuwa akiunganisha simu kwenye ofisi moja kubwa, na alipostaafu alirudi nyumbani na sauti yote ya ofisi. Ukijaribu kuingiza neno alikuwa akiinua kiganja na kusema, "Usikate!" Nawe huthubutu kukata.

Habari ya jiko ilianza na moshi. Kila Jumapili Breki alichoma nyama uani kwenye jiko la mkaa alilolitengeneza mwenyewe kwa nusu ya pipa, na kila Jumapili moshi wa jiko hilo ulikwenda moja kwa moja kwenye kamba ya nguo, kana kwamba umetumwa. Mke wake alikuwa muuguzi. Jumatatu moja aliingia wodini na sare yake safi, iliyopigwa pasi ikanyooka, akainama kumpima joto mgonjwa aliyekatazwa kula mpaka afanyiwe upasuaji. Mgonjwa akamshika mkono, machozi yakimlengalenga, akamwuliza, "Sista, mmepika nini?"

Jioni ile mke alirudi na uamuzi.

"Tunanunua jiko la gesi la kuchomea. Dogo, la bei nafuu. Na utakwenda na mama."

"Kwa nini niende na mama?"

"Kwa sababu nilikutuma feni ukaniletea kiti cha kukanda mgongo."

Breki alitaka kukitetea kile kiti, ambacho wakati huo kilikuwa kimebeba nguo zinazosubiri kukunjwa, lakini badala yake akaanza kuzikunja.

Jumamosi akaenda kumchukua mama mkwe kwa gari la shule ya udereva. Magari hayo yana kanyagio pande mbili, za mwanafunzi na za mwalimu. Mama mkwe aliingia na kikapu kilichofunikwa kitambaa, akajiweka sawa kwenye kiti cha mwalimu, na gari lilipoondoka akaangalia miguuni.

"Na hii ya nini?" akauliza, akaikanyaga.

Gari lilisimama katikati ya barabara, na paji la uso la Breki likakaribia kubusu kioo. Nyuma yao honi zikaanza.

"Mama, hiyo ni breki yangu."

"Kama ni yako, mbona iko kwangu?"

Kuanzia hapo gari liliendeshwa na watu wawili. Kila Breki alipoona njia nyeupe, mama mkwe aliona ajali, akakanyaga. Walipofika dukani wote wawili walikuwa wametota jasho. Njiani Breki alikuwa amesikia harufu ya vitunguu saumu na ndimu, akadhani ni dawa ya viungo, na kwa adabu hakuuliza.

Lilikuwa duka kubwa la vifaa vya nyumbani. Majiko ya kuchomea yalipangwa karibu na mafriji. Muuzaji mmoja mwenye tai fupi mno, iliyoishia juu kidogo ya kitovu, aliwapokea kwa furaha na kuwapeleka hadi kwenye jiko kubwa kuliko yote. Lilikuwa na mioto sita na magurudumu manne, saa ya kupimia joto, ndoano za kutundikia koleo, na taa ya kuimulika nyama.

Breki alifungua mfuniko, akaufunga. Akaufungua tena, akaufunga tena. Ulitoa mlio wa mlango wa gari la bei mbaya.

"Limepunguzwa bei hili," muuzaji alisema kwa sauti ya kunong'ona, kama mtu anayetoa siri ya ukoo.

Hata baada ya kupunguzwa, bei yake ilivuka mbali kiwango alichowekewa na mke. Breki akaanza kuorodhesha moyoni vitu ambavyo familia ingeweza kuishi bila kuwa navyo, akajikuta ameshaondoa mapazia yote ya nyumba.

"Linajaribiwa wapi?" mama mkwe akauliza.

Muuzaji alitabasamu. "Halijaribiwi, mama. Hili limetoka kiwandani."

"Na hivyo viatu vyako vimetoka wapi?"

Muuzaji akaangalia viatu vyake. "Kiwandani."

"Ulivijaribu kabla ya kununua?"

"Ndiyo, mama."

"Haya basi."

Akaweka kikapu juu ya jiko kubwa, akaondoa kitambaa, akafungua chombo. Ndani mlikuwa na vipande vya kuku vilivyolala kwenye viungo tangu alfajiri. Harufu ile ya dawa ya viungo ikatanda mpaka kwenye rafu za mashuka.

Breki akatamani ardhi ipasuke immeze. Akapiga hatua za pembeni mpaka kwenye friji moja, akaanza kusoma maelezo yake kwa makini, kama mtu asiyemjua mwanamke yule wala kuku wake.

"Mkwe wangu!" Sauti ikapita juu ya rafu zote, na watu waliokuwa wakipapasa magodoro wakageuka. "Njoo ushike mfuniko!"

Meneja alifika, miwani juu ya paji la uso. "Mama, samahani, humu ndani hatu—"

"Usikate, meneja. Nisikilize."

Meneja alianzisha sentensi nyingine mbili na hakuna hata moja iliyofika mwisho. Mwishowe alisalimu amri. Wangejaribu, lakini nyuma, kwenye uwanja wa kushushia mizigo, kwa mtungi wa gesi wanaopikia chai wafanyakazi.

"Lakini mkichafua jiko, mnalinunua," akaongeza.

Breki aliisikia sentensi hiyo vizuri sana. Mama mkwe ama hakuisikia, ama alijitia hamnazo.

Majiko matatu yakatolewa nje. Kubwa, la kati lenye rangi nyeusi inayong'aa, ambalo bei yake iligusa kiwango cha mke, na moja dogo la mioto miwili, fupi, la kuwekwa mezani, lililokuwa limesukumwa nyuma ya mashine za kufulia kama mtoto aliyeadhibiwa. Muuzaji akaanza kuunganisha mpira wa gesi, na hapo Breki, kwa mara ya kwanza siku hiyo, akajikuta yuko kazini kwake.

"Subiri. Paka povu la sabuni kwenye kiungio kwanza tuone kama linavuja. Taratibu. Fungua mfuniko kabla ya gesi. Taratibu. Sasa washa. Usiniangalie mimi, angalia jiko!"

Muuzaji alifuata neno kwa neno, kama mwanafunzi wa siku ya kwanza, na moto ukawaka.

Jiko kubwa lilianza kwa majivuno. Taa ikawaka, mshale wa joto ukapanda haraka. Baada ya muda wakafungua. Upande mmoja kuku alikuwa mkaa mtupu. Upande wa pili alikuwa katika hali ambayo, angepata daktari mzuri, angepona.

"Ni upepo," Breki akasema.

Wote wakaiangalia tai ya muuzaji. Ilining'inia wima, haitikisiki.

La kati lilikusanya moto wote katikati. Mafuta yalipodondoka, ndimi za moto zikaruka juu, mama mkwe akaubamiza mfuniko kuufunga, na muuzaji akarudi nyuma hadi ukutani. Lile dogo lilifanya kazi kimya kimya. Mafuta yalichirizika, harufu nzuri ikatoka, na kuku akageuka rangi ya kahawia kila upande sawasawa. Kufikia hapo wapakia mizigo walikuwa wameacha mizigo, wateja wametoka dukani, na kila mtu alikuwa na maoni. Vipande vikapita mkono kwa mkono. Meneja alichukua kimoja, kwa ajili ya kukagua.

Mama mkwe, mwenye furaha ya ushindi, akashika mshikio wa mfuniko wa jiko dogo ili afunue tena. Mshikio ulikuwa chuma kitupu.

Ukelele alioutoa ulileta hata walinzi. Mhasibu wa duka akakimbia na kikombe cha maji baridi, mama mkwe akakalishwa kwenye boksi la televisheni, vidole ndani ya kikombe. Na kuanzia dakika hiyo jiko dogo likawa na adui.

"Hilo takataka silitaki kuliona," akasema. "Tunachukua lile kubwa."

Hiyo ndiyo sentensi aliyokuwa akiiota Breki tangu asubuhi. Tatizo ni kwamba kinywa chake kilikuwa kimejaa kuku wa jiko dogo. Akatafuna. Akaliangalia jiko kubwa, ambalo taa yake bado ilikuwa ikimulika kile kipande cha mkaa. Akatafuna tena. Nyama ilikuwa imeiva mpaka mfupani, laini, na ngozi inalia chini ya meno. Kisha akajisikia akisema:

"Hapana, mama. Tunachukua dogo."

Tangu aoe, hakuwahi kumwambia mwanamke yule "hapana". Muuzaji aliacha kutafuna.

"Umesemaje?"

"Nimesema dogo." Mguu wake ulitafuta breki chini, ukakuta saruji. Ikabidi aendelee. "Kubwa linaunguza upande huu, upande huu linabembeleza. La kati linataka kuchoma nyumba. Dogo lina kosa moja, mshikio, na mshikio ni skrubu mbili tu."

"Limenichoma!"

"Limekuchoma kwa sababu linapata moto, mama. Si ndicho tulichokifuata?"

Mama mkwe alimkazia macho, vidole vikiwa bado kikombeni. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, Breki akadhani analia, mpaka alipoona meno.

"Kumbe una sauti, baba! Miaka yote hii ulikuwa umeificha wapi?"

"Laini ilikuwa inatumika, mama."

Mama mkwe aliangua kicheko mpaka maji ya kikombe yakammwagikia mapajani. Breki naye akacheka, kwanza kwa hofu, halafu kwelikweli, na hicho ndicho kicheko cha kwanza walichowahi kucheka pamoja bila binti kuwa katikati yao.

Meneja alikohoa. "Nafurahi mmefurahi. Ila mmechafua majiko matatu."

Mama mkwe akageuka. "Na wewe, meneja, umekula vipande vingapi?"

Meneja akajifuta mdomo.

"Tena," Breki akadakia, akishangazwa na ulimi wake mwenyewe, "ulisema tukichafua jiko. Hukusema majiko."

"Usikate, mwache amalize," mama mkwe akamwambia meneja, ingawa Breki alikuwa ameshamaliza.

Kilichookoa siku ni wale watazamaji. Bwana mmoja aliyekuwa amekuja kununua pasi alisema yeye atachukua lile kubwa, mkaa au si mkaa, kwa sababu ya taa. Meneja akapoa. Dogo akaliteremsha bei kidogo kwa kuwa limeshapata madoa na, nadhani, kwa kuwa alitaka waondoke kabla mama hajafungua tena kikapu. Muuzaji mwenye tai fupi alikwenda stoo akarudi na mshikio wa mbao aliouchomoa kwenye jiko bovu, akaufunga hapohapo kwa skrubu mbili.

Jumapili mke aliliangalia jiko lililokaa juu ya meza uani, akainua mfuniko, akaushusha.

"Dogo namna hii?"

"Ulisema dogo," mama yake akajibu.

"Vinaingia vipande vinne tu!"

Ni kweli, viliingia vinne, ukibana. Kwa hiyo walichoma kwa awamu, wanakula wawili, mmoja anasubiri. Kwa kawaida mama mkwe alikuwa akija, anakula, anaaga kabla sahani haijapoa. Safari hii hakuweza. Kila alipomaliza kipande, kingine kilikuwa kimeshageuzwa mara moja, na si vizuri kuondoka kuku akiwa nusu njia. Akavua viatu. Akasimulia habari za watu waliokuwa wakigombana kwenye simu wakidhani hakuna anayesikiliza, na Breki akasimulia za mwanafunzi aliyeshusha kioo kumwomba njia ng'ombe. Mke, ambaye hakuwahi kumsikia mume wake akizungumza sentensi tatu mfululizo mbele ya mama yake, alisimama mlangoni na sahani mkononi, akasahau alichofuata.

"Geuza," mama mkwe akasema.

"Bado, mama."

"Kinaungua!"

"Hakiungui. Taratibu."

Mama akageuza. Breki akageuza tena. Nguo kwenye kamba zilikuwa nyeupe na hazinuki chochote. Kipande cha mwisho kiliiva jua likiwa limeshavuka ukuta, wakati ambapo hakuna aliyekuwa na njaa tena, wakakigawana hivyohivyo.