Upana Kwanza, Kimo Baadaye

Skrini ya zamani, ile yenye tumbo nyuma, ilipokata roho, Mzee Kioo alinunua nyingine, pana. Mkewe, fundi cherehani, akaizunguka mara mbili. "Hii si kompyuta, baba watoto. Hii ni shuka imeanikwa."

Mzee alicheka. Lakini alipoiwasha, yale maandishi meupe ya Linux, mfumo unaoendesha mashine yake, juu ya weusi mtupu, kitu alichokipenda kuliko vyote ukimtoa mkewe (na siku nyingine humtoi), yalitoka madogo kama mayai ya chawa. Macho yake nayo yalikuwa yameanza kumtupa mkono.

Alikuwa akiandika kitabu cha ufundi wake, miaka arobaini ya kutengeneza mashine za watu. Alijiapia kwamba siku akishindwa kuusoma mstari wa salamu unaotokea mashine ikiwaka, atazima, na kitabu kitaishia hapo. Mkewe alimjua. Akishasema, hata umvute kwa trekta harudi nyuma. Na asipoandika atakaa kitini anyauke, mchana kweupe, yeye akimwona.

Basi mke akajifunza. Na darasa lake la saba, miwani puani, alifungua faili la kuwashia mashine akabadilisha vipimo vya skrini kama alivyoelekezwa. "Upana kwanza, kimo baadaye," mzee alimkaririsha. Nambari zikishuka, herufi zinanenepa. Mwezi wa kwanza alishusha mara moja. Wa pili, tena. Kila mara mzee aliisoma salamu kwa sauti, na mkewe akashusha pumzi.

Jumanne moja asubuhi akafikia vipimo vya mwisho: mia sita na arobaini kwa mia nne na themanini. Chini ya hapo hakuna kitu. Akili yake ilikuwa kwenye gauni la mteja, na fundi wa nguo huanza na urefu. Akaandika hivyo hivyo, kimo mbele, upana nyuma, akawasha mashine upya. Mzee akavuta kiti.

Skrini ilimeta mara moja, ikagoma. Weusi tii.

Mama watoto akafungua mdomo aseme amekosea.

"Ahaa!" Mzee alikuwa ameinama mbele, pua karibu iguse kioo. "'Karibu tena, fundi mkongwe. Kunywa maji kwanza.' Leo zimekaa, mke wangu! Umeniwekea herufi kama mabango."

Mama akaitazama tena skrini: bado weusi tii. Akakumbuka kwamba miezi yote hii mzee alimsomea salamu tu, wala si mstari mwingine wowote. Tangu lini? Hakuthubutu kuhesabu.

"Mbona kimya, bibie? Wivu?"

"Wivu wa nini, nami nimekuta umeshaoa kompyuta?" Sauti ilitoka nzima. Mwenyewe alishangaa.

"Ila ni kubwa kupita kiasi. Nipunguzie kidogo."

Akainama mbele ya kile kioo cheusi, akabonyeza vibonye viwili vitatu visivyo na maana, kiganja kidevuni ili machozi yasidondoke juu ya kibodi yakasikika.

"Hivyo?"

"Hapo hapo. Usiguse tena."

"Siigusi."

Vidole vya mzee vikaanza kukimbia, havikukosea njia. Mama akasogeza kigoda, akakaa ubavuni pake, gauni la watu limelala mezani, akasikiliza kitabu kikiandikwa.