Kinu cha Mama Mkwe

Jumamosi ambayo klabu ya wasemaji ya Wakenya wa Grand Prairie ilipanga kuzungumzia baridi, nje kulikuwa na jua la kuanikia mihogo. Desemba ya Texas haina adabu. Lakini Wakenya wakishaamua jambo wameamua: ukumbi wa kanisa ulijaa sweta zenye picha za kulungu, na mwenyekiti, Dedan, alivaa kofia ya sufu huku jasho likimtiririka hadi kwenye tai.

Orpa aliketi safu ya mbele, kalamu mkononi. Siku hiyo alikuwa mtathmini kwa mara ya kwanza. Mtathmini humsikiliza msemaji mmoja, kisha husimama dakika tatu: anaanza kwa sifa, anataja la kurekebisha, anamaliza kwa sifa. Msemaji wake alikuwa Naserian, na ni Naserian mwenyewe aliyemwomba Dedan awapange hivyo. Walifanya kazi pamoja katika nyumba ya wazee, Naserian nesi, Orpa msaidizi. Kila wiki Naserian alimpitia kwa gari na kumfundisha njiani namna ya kusimama na kupumua. Orpa, Mkongomani asiye na ndugu wa damu upande huu wa bahari, alimwita dada, na alimaanisha.

Nyuma, karibu na meza ya biskuti, aliketi Émile, mume wa Orpa, na mtoto wao Précieux mapajani. Hakuwa mtu wa mikutano, lakini huu ulikuwa wa familia, na Naserian alimpigia simu kabisa: "Shemeji, usikose. Bibi yako atang'ara."

Mshindi wa siku hiyo angekwenda Houston kuiwakilisha klabu, na hakuna asiyejua jinsi Naserian alivyoitamani hiyo Houston.

Zamu yake ilipofika akasimama mbele, akanyamaza kidogo kama alivyozoea kuwafundisha wenzake, kisha akaanza.

"Nataka niwaambie story ya mama mmoja ninayemfahamu. Sitamtaja jina. Mnakumbuka ile freeze ya Februari, stima ikapotea siku tatu?"

Watu wakaguna. Nani asingekumbuka?

"Huyu mama alikuwa kwa apartment huko Euless, na mtoto wa miezi minne. Bwanake amekwama kazini airport, barabara zote ni barafu. Akawasha fireplace. Akachoma maboksi. Akachoma kitanda cha mtoto, ubao kwa ubao. Baridi bado. Na kwa kona kulikuwa na kinu."

Hapo Orpa akajua kwamba ameuzwa, tena mchana kweupe.

Kinu kilikuwa cha mama yake Émile. Mama huyo alikibeba kichwani akikimbia vita Fizi, akatwangia sombe, yale majani ya mihogo, ndani yake kambini Nyarugusu, Tanzania, mpaka alipofariki. Émile alipopata safari ya Amerika aliacha mablanketi ili kinu kienee begini. Orpa alikitia motoni siku ya pili ya ile baridi. Mume aliporudi, Orpa akamwambia kwamba bomba lilipasuka, maji yakaharibu vitu, na Isack, fundi wa majengo, akavitupa. Isack alikuwa Mtanzania, rafiki wa Émile wa kula naye sahani moja. Émile alikwenda kuchakura jalala lililoganda kwa mikono mitupu, halafu akamtukana Isack mbele ya wapangaji wote. Tangu siku hiyo hawajasemezana.

Orpa aliibeba siri hiyo karibu miaka mitano. Julai iliyopita ikamshinda, akamwambia mtu mmoja tu, ndani ya gari, akilia. "Mama Précieux, hii imeishia hapa," Naserian alimwambia, akamshika mkono. Na Orpa, mjinga wa watu, akamwamini.

"Akalia, jameni! Analia akisukuma kinu kwa moto, akimwomba Mungu msamaha," Naserian aliendelea, kisha akatabasamu. "Akamdanganya bwanake ati fundi ndiye alikitupa, na mpaka leo bwana anamchukia fundi wa watu for nothing!"

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Orpa akageuka nyuma. Émile alikuwa ameshika biskuti ambayo hakuiuma, akiwatazama watu wanaomcheka bila wao kujua kwamba bwana huyo ni yeye.

Makofi yakapigwa mpaka Dedan akainua mkono. "Mtathmini wetu, karibu. Dakika tatu."

Orpa alisimama. Angeweza kuisifu sauti, akaisifu na mikono, akaketi. Ndicho alichotegemea Naserian; kwa nini kingine ampange yeye, kama si kwa sababu mwenye siri ndiye angekuwa wa mwisho kufungua mdomo? Hasira ikampanda.

"Sauti yako ni muzuri, dada," alisema. "Sasa ya kurekebisha. Umesema ule mama alilia. Hakulia. Alifurahi. Kinu kilikuwa cha mti mugumu, kiliwaka sana, mutoto akapata moto, akalala. Kilio kilikuja nyuma, juu ya uongo. Na jina lake usilifiche. Ule mama njo mimi, Orpa."

Naserian aliinamia simu yake.

"Ya mwisho inapashwa kuwa sifa," Orpa alisema. "Sina." Akaketi.

Vikaratasi vya kura vikapita mikononi. Naserian akashinda, na makofi akapigiwa.

Garini, Précieux amefungwa mkanda nyuma na usingizi umemchukua, Émile hakuwasha injini. Alinyoosha mkono.

"Unipatie simu yako. Namba ya Isack, mimi niliifuta."

Émile alikuwa akiitafuta namba hiyo, ujumbe wa Naserian ukaingia. Akausoma kwa sauti, taratibu. "Mama Précieux, pole, najua umekasirika. Lakini feedback yako ni moto. Houston nitasema hakulia."

Hata ungamo la Orpa lilikuwa limeshachukuliwa.

"Alijua tangu lini?" Émile aliuliza.

"Mwezi wa saba."

"Kinu, ningekipasua mimi mwenyewe," alisema, na sauti yake haikupanda. "Mutoto alikuwa anakufa na baridi. Ningekipasua. Lakini miaka yote tunalala kitanda kimoja, na ukaenda kumwambia yeye."

Mchana kutwa Orpa alikuwa akijiona yeye ndiye aliyesalitiwa. Sasa aliona usaliti ulianzia nyumbani kwake, na yeye ndiye aliyeuanzisha.

Émile alibonyeza jina la Isack, akaiweka simu kwenye mapaja ya mkewe, sauti imefunguliwa.

"Sema weye," alimwambia. "Weye njo ulienda kujifunza kusema."

Simu ikaita mara mbili, kisha ikapokelewa.