Kama Sabina Alimpenda Mumewe

Siku hizi kila mtu anasoma riwaya peke yake chumbani, kimya, kama anayekunywa dawa chungu. Sisi wa enzi za Bwana Thorley tulisomewa. Kila Alhamisi ya kiangazi tulikusanyika kwenye kibanda cha bustani yake kule Hackney, Uingereza, wanawake peke yetu na kazi zetu za kushona, naye akitusomea sura aliyotoka kuiandika. Tukilia, alifurahi. Tukicheka pasipochekesha, alinuna mpaka chai ikapoa. Ninavyozitamani Alhamisi zile, acha tu.

Riwaya ilimhusu Sabina, binti aliyeachwa na Kapteni Merrick, mwanamume mtanashati mwenye maneno matamu, kisha akaolewa na Alwyn, mwanasheria asiye na makuu. Sote pale bustanini tulijua Sabina ni nani. Ni Judith, marehemu mke wa Bwana Thorley, ambaye naye alichumbiwa na mwanajeshi kabla ya kuolewa na mzee wetu. Shangazi yangu alituonya tusilitaje jambo hilo, na hatukulitaja. Ila tulikuwa wasichana, na Kapteni alikuwa ameshatuteka roho.

"Alwyn hakupendwa hata chembe," rafiki yangu Dorcas Lyle alikuwa akisema. "Yule dada alichoka tu, akaona bora aolewe yaishe."

Riwaya ilipochapishwa, barua za wasomaji zikaja kutoka kila pembe ya Uingereza, nazo zikasema yaleyale. Mzee uvumilivu ukamwisha. Majira ya baridi akachapisha kijitabu kizima cha kuifafanua riwaya yake mwenyewe: hapa Sabina anatabasamu kwa sababu hii, pale machozi ni ya toba wala si ya Kapteni. Mwishoni, kwa herufi kubwa, aliandika kwamba Sabina alimpenda mumewe tangu siku ya kwanza. Kila mmoja wetu alipewa nakala yenye jalada la ngozi.

Kiangazi kiliporudi, tukakaa pale bustanini kama watu waliokuja mazishini.

"Mbona kimya leo?" Bwana Thorley akauliza.

"Si umeshatufafanulia, bwana?" Dorcas akajibu. "Tubishane nini tena?"

"Kwa hiyo umekubali."

"Sijakubali. Nimenyamazishwa."

Shangazi akamfinya. "Wee mtoto, hebu funga domo!"

"Mwache aseme," mzee akasema, uso umemwiva. "Kitabu nimekiandika mimi. Nani anakijua kunishinda?"

"Ungekuwa na hakika, bwana, usingehangaika na kijitabu."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Bwana Thorley alikaa akiangalia nyasi, na alipoinua kichwa, ile sauti yake ya kusomea ilikuwa imemtoka kabisa.

"Dorcas, binti yangu, niambie ukweli. Hakumpenda?"

Hakuna aliyedhani anauliza habari za Sabina. Dorcas akapauka. Mimi namjua yule: kudanganya hawezi, hata kwa kumfariji mgonjwa. Akakisukuma kijitabu kando, akaichukua riwaya yenyewe, akafunua kurasa huku sisi tukijifanya tunashona.

"Kama ni tangu siku ya kwanza, sijui," akasema hatimaye. "Na yale maneno yake makubwa ya mapenzi uliyoyafafanua, unisamehe, mimi hayanigusi. Lakini tazama hapa. Mume akichelewa mahakamani, Sabina anawaambia watumishi hasikii njaa. Mume akirudi, anakaa naye mezani na kula kama mbeba makaa! Umeliandika hilo mara kwa mara, bwana, na kijitabuni hukulisemea hata neno. Mwanamke aliyemchoka mumewe angekula mapema, akalala zake."

Bwana Thorley akakipokea kitabu, akakisogeza karibu na macho. Alisoma kama mtu anayeuona ukurasa ule kwa mara ya kwanza.

"Hili sikulitunga," akasema. "Huyu ni Judith tu, alivyokuwa." Akakifunga kitabu mapajani. "Nilikuwa nikimgombeza, Dorcas. Nikirudi nikamkuta hajala, nilikuwa nikimgombeza."