Wageni wa Shauna

Shauna Brophy alisinzia akiwa amesimama kwenye foleni, viganja amevikinga mbele yake kupokea kipande cha biskuti. Darasa la pili lilikuwa kwenye mazoezi ya Komunyo ya Kwanza. Mwalimu Noreen Tuohy alishika bakuli mahali pa padri, akimwambia kila mtoto aliyefika mbele yake, "Mwili wa Kristo," naye mtoto akaitikia "Amina" na kutafuna huku akizuia kicheko. Shauna hakuitikia. Kichwa kilimwangukia kifuani, magoti yakalegea, na aliyekuwa nyuma yake akamdaka kwa kola ya sweta.

"Mwalimu, huyu amekufa," mtoto mmoja alisema, na darasa zima likaangua kicheko.

Noreen alimpeleka kwenye kona ya kusomea akamlaza juu ya mito. Hakumuuliza kitu. Alijua mtoto huyo aliamshwa gizani, akapanda mabasi mawili kutoka hoteli moja karibu na uwanja wa ndege, ambako yeye, mama yake na mdogo wake wa kunyonya walikuwa wakiishi chumba kimoja tangu Novemba. Halmashauri ya jiji ndiyo iliyowaweka huko, kama inavyowaweka wasio na makazi, baada ya kutolewa kwenye nyumba ya kupanga. Hayo walimu wote waliyajua. Alilolijua Noreen peke yake ni kwamba nyumba yenyewe ilikuwa ya mume wake.

Aliligundua Septemba, wiki ile anayowafundisha watoto kutaja anwani zao ili wakipotea waweze kurudishwa kwao. Shauna alisimama wima akaitamka yake kama anaimba: namba kumi na nne, Mtaa wa Ashgrove, mlango mwekundu. Noreen akaushika ukingo wa meza. Hiyo ilikuwa nyumba ya marehemu mama mkwe wake. Tangu mzee huyo afariki ilipangishwa kupitia ajenti. Wapangaji hawakuwahi kumwona mwenye nyumba, wala mwenye nyumba hakuwahi kuwaona wao. Na notisi ya kuhama ilikuwa imeshatoka.

Jioni alimweleza Colm, mumewe, aliyekuwa akimenya viazi.

"Kwa hiyo?" Colm alisema bila kugeuka. "Sheria inaturuhusu kuuza. Na Orlaith je, tutamnunulia nyumba kwa pesa gani? Binti yetu atapanga mpaka lini? Yeye naye si anafukuzwa kila anapopazoea mahali?"

"Wana mtoto mchanga, Colm."

"Halmashauri ipo. Hiyo ni kazi yao, si yangu wala yako."

Kilichomsumbua Noreen baadaye si maneno yale, bali jinsi yalivyompa nafuu, akala viazi vyake na kuongeza siagi.

Toka hapo akawa anamlipa Shauna kwa vitu vidogo. Mkate wenye jibini kabla wenzake hawajaingia. Nyota ya dhahabu kwenye daftari hata pale hesabu zilipokwenda kombo. Akamchagua kusoma sala siku ya Komunyo, heshima ambayo wazazi wengine waliwaombea watoto wao. Mtoto akampenda mno. Wakati wa mapumziko alimfuata uani, akamshika koti.

Mwezi wa nne Denise, mama yake Shauna, alimsubiri Noreen getini. Alikuwa amevaa sare ya duka la mikate anakofanya kazi, mtoto mgongoni.

"Nilitaka kukushukuru tu, mwalimu. Shauna hana habari nyingine, ni wewe tu."

"Mmepata nyumba?"

"Wapi. Napiga simu kila siku. Wakisikia serikali ndiyo italipa sehemu ya kodi, simu inakatika. Wengine wanasema imeshachukuliwa, kesho unaiona bado inatangazwa." Denise akacheka kidogo. "Na ile yetu ya zamani mpaka leo iko tupu. Nikipita nachungulia dirishani kama mwizi."

"Mwenyewe mnamjua?"

"Simjui. Pengine ana shida zake, maskini. Hata sina kinyongo naye."

Noreen alimwambia kwamba binti yake amepiga hatua nzuri katika kusoma, na kwamba kengele imelia.

Wiki ya Komunyo darasa zima lilizungumzia sherehe. Huyu baba yake amekodi kasri la mpira linalojazwa upepo la kurukia, yule anapelekwa kula piza na mabinamu zake wote. Shauna alisikiliza, na kesho yake akaja na kadi alizozikata mwenyewe kwenye karatasi za daftari, kila moja imechorwa mlango mwekundu. Karibuni kwetu baada ya misa, saa tisa, Mtaa wa Ashgrove. Akazigawa kwenye kila dawati. Ya Noreen aliipaka ukingo kwa rangi ya dhahabu.

Wazazi wawili walimuuliza Noreen getini: si hawa walihama?

"Msijali," aliwajibu. "Hakuna sherehe. Ni mambo ya kitoto tu. Waambieni na wengine."

Wakamshukuru kwa kuwaondolea usumbufu. Ilibaki kumwambia Denise, na Shauna mwenyewe, kwamba hakuna atakayekuja. Jumatano alisema kesho. Alhamisi aliita, "Shauna, njoo kidogo," na mtoto alipokuja mbio, akamwambia sauti yake ya kusomea ni nzuri, aipandishe kidogo. Ijumaa jioni ajenti alipiga simu. Kuna watu wanataka kuiona nyumba Jumamosi, siku yenyewe ya Komunyo, saa tisa na yeye ana nyumba nyingine tatu za kuonyesha.

"Wewe si utakuwa huko huko kanisani?" Colm alisema. "Pitia ukafungue."

Angeweza kukataa. Alijiambia hoteli ni mbali, kwamba mtoto wa miaka minane hawezi kujipeleka Ashgrove.

Misa ilikwenda vizuri. Gauni la Shauna lilikuwa la kuazima, limekunjwa pindo kwa pini, na alisoma sala yake bila kukosea hata neno. Saa tisa kasorobo Noreen aliegesha gari Ashgrove. Shauna alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango mwekundu, shela kichwani, bakuli la bisi mapajani.

"Nilijua utakuja," alisema.

"Mama yuko wapi?"

"Pale ng'ambo, kwa jirani yetu Bi Noonan, anambadilisha mtoto nepi. Ametualika chai. Nimemwambia nakaa kidogo hapa. Sijamwambia kuhusu wageni, nataka ashtuke." Akatazama mwisho wa barabara. "Wengine uliwaona njiani?"

Yale maneno ya wiki nzima Noreen alikuwa nayo kinywani.

"Labda wamechelewa," alisema.

Shauna akauona ufunguo mkononi mwake. "Umeomba ufunguo? Kwa ajili yangu?"

Noreen akafungua mlango.

Wanunuzi walifika hapo hapo, kijana na mkewe mjamzito. Walimwona mtoto aliyevaa gauni jeupe wakampongeza, na Shauna, aliyefurahi kuona hatimaye watu wanakuja, akawashika mkono akawatembeza. Hapa jikoni jua huingia asubuhi. Bomba hili huguruma usiku lakini halina ubaya, ukilizoea unalala. Na huku juu, hiki ni chumba changu.

"Huyu anauza kuliko ajenti," kijana alisema akicheka.

"Na mnahamia wapi, mrembo?" mkewe aliuliza.

"Sisi tuko hotelini."

"Hotelini? Raha iliyoje."

"Chumba kimoja," Shauna alisema. "Hairuhusiwi kukimbia kwenye korido. Wala kuleta wageni. Ndiyo maana nimewaalika huku."

Mwanamke akamgeukia Noreen taratibu. "Samahani. Kwani wewe si mama yake?"

"Ni mwalimu wangu," Shauna alijibu.

Kijana alikuwa ameshatoa futi, anapima chini ya dirisha. "Kitanda cha mtoto kitaenea hapa," alisema. "Njoo uone. Kitaenea kabisa." Mkewe alisimama kidogo, akaitazama sakafu, halafu akaenda kumshikia ncha ya futi.

Gari jingine likaunguruma nje. Shauna akashuka ngazi mbio, pindo la gauni amelikusanya kwa mkono mmoja. Kutoka dirishani Noreen alimwona akisimama kizingitini, akinyoosha shela yake. Watu wawili wazima walishuka garini, wakauinulia macho mlango mwekundu, kisha paa, kisha mifereji ya mvua. Shauna akawanyooshea bakuli la bisi, akawaambia karibuni, ingieni, mwalimu yuko juu.