Kichochoro cha Thabit

Thabit, mpangaji miji, alijenga kichochoro cha majaribio huko Hail, mtaa wa Maskati, chembamba na chenye kivuli, ili watu watembee kwa miguu. Mwenyekiti wa kamati ya mipango ya jiji alitaka kuufuta mradi huo. Maskati, alisema, hata dukani watu huenda kwa gari.

Siku ya ukaguzi, saa sita mchana, Thabit alimwomba mamake apite humo na jirani zake. Kamati ikawasubiri upande wa pili, juani. Mama na jirani zake wakaingia, wasitoke.

"Wamezimia, au nini?" akauliza mwenyekiti, jasho likimchuruzika, akaingia kuwatazama. Naye akapotelea humo humo.

Thabit akapiga simu. "Mama, si nilisema mpite!"

"Mwanangu, nna kahawa na tende hapa. Upepo huu, nani apite?"

Sauti ya mwenyekiti ikadakia: "Mwambie alete karatasi ya kukiidhinisha kichochoro huku nitie sahihi. Mimi juani sirudi!"