Mwenye Kithembe

Redio Lusumu ilikuwa chumba kimoja nyuma ya ghala la mahindi, karibu na soko la Matungu. Walioiendesha walikuwa wanawake wa kujitolea. Walifika siku ambazo kazi za shamba ziliwaruhusu, na hakuna aliyelipwa. Mawimbi yake hayakufika mbali, lakini humo katikati ya miwa yaliingia kila mahali: jikoni, kwa kinyozi, hata mashambani, ambako wakata miwa walifungulia redio za simu zao wakiwa kazini.

Kipindi cha akina mama kilikuwa Jumatano asubuhi. Mtangazaji wake alikuwa Sellah Awinja, mjane aliyefundisha chekechea miaka mingi, ndiyo maana kila mtu alimwita Mwalimu. Mitambo ilishikwa na Christine Namalwa, msichana mwenye maneno machache aliyesomea kazi hiyo Kakamega mjini.

Jumatano moja walizungumzia ugomvi wa nyumbani. Simu ikaingia.

"Usitaje jina lako, wala kijiji chako," Sellah alisema, kama alivyowaambia wote. "Sema tu yaliyo moyoni."

"Mwalimu, thitaki kuachika," mwanamke akaanza. Alikuwa na kithembe. Kila 's' ilitoka imelowa. "Nataka tu aache kunipiganga. Juzi alinifungia kwa nyumba na mtoto, bila chakula. Nikithema kwa mama mkwe, ananiambia nivumilie."

Sellah alimsikiliza hadi mwisho. Alimwambia asikae peke yake na jambo hilo, amtafute mtu wa kwao, na mambo yakizidi aende polisi. Mwanamke alishukuru, akakata simu. Wimbo ulipoanza, Christine alivua vifaa vya masikioni.

"Mwalimu, huyo ana kithembe."

"Nimesikia."

"Wanaomjua wamemjua."

Miaka yote ya kipindi kile waliyachunga majina, na hakuna aliyewahi kufikiria sauti.

Yaliyotokea wakati huo shambani yalijulikana baadaye. Wanzala, msimamizi wa wakata miwa, alikuwa na watu wake wakipakia trekta. Mmoja wao akacheka, akasema, "Mkubwa, huyu si mama ya mtoto wako?" Wengine nao wakacheka. Wanzala aliegemeza panga lake kwenye gurudumu la trekta, akasema anaenda kunywa maji, akashika njia ya nyumbani.

Kufikia mchana Sellah na Christine walikuwa wameshaulizia sokoni. Muuza mboga aliwaambia mara moja: mwenye kithembe ni Mitchel, mke wa Wanzala, anayeimba kwaya. Wakapanda bodaboda hadi kwake. Mlango ulikuwa umefungwa. Mama mkwe alikuwa nje akipepeta maharagwe, na mtoto wa Mitchel ameketi karibu naye, kamasi zimemkaukia.

"Ameenda kwao Lumakanda," mama mkwe alisema, macho kwenye ungo.

"Ameenda bila mtoto?" Sellah akauliza.

"Nyinyi wa redio mnataka nini hapa? Hamjatosheka?"

Walikwenda kwa naibu wa chifu, naye akasema mambo ya mume na mke huzungumzwa na ukoo kwanza. Polisi wakataka jamaa wa karibu ndiye aje kuandikisha. Sellah alirudi kwake na kushindwa kumeza hata tonge la obusuma, ugali wake wa jioni. Moyoni alijiambia pengine kweli Mitchel ameenda kwao.

Ijumaa asubuhi Isaiah, mdogo wake Wanzala, aliingia redioni na tangazo la kifo. Redio Lusumu ilisoma matangazo ya vifo kila siku, na Sellah ndiye aliyeyasoma. Alivaa miwani, akalipitia kimya. Mitchel, mke wa Wanzala, binti wa Mzee Andati wa Lumakanda, ameaga dunia baada ya kuugua kwa muda mfupi. Mazishi kesho.

"Aliugua nini?" akauliza.

"Tumbo, Mwalimu."

"Mzee Andati amejulishwa?"

Isaiah aliangalia mlango. "Simu yake haipatikani."

"Mwili uko wapi?"

"Uko nyumbani. Mwalimu, mimi nimetumwa tu. Nisomee tangazo niende."

Sellah alimtazama. Alikuwa kijana mdogo. "Nitalisoma," akamwambia.

Isaiah alipotoka, Sellah alimpigia shangazi yake aliyeolewa Lumakanda. Shangazi alikwenda mwenyewe hadi boma la Mzee Andati, akamkuta akipukuchua mahindi. Hakuwa ameambiwa lolote, na simu yake ilikuwa mfukoni, inafanya kazi. Akaanza safari papo hapo.

Saa ya matangazo ilipofika, Christine aliuliza, "Utasoma vile walivyoandika?"

"Fungua."

Sellah alisoma jina, ukoo na kijiji. Alipofika kwenye ugonjwa, akaiweka karatasi chini. "Hapa wameandika kwamba aliugua," akasema hewani. "Mitchel alizungumza nasi Jumatano. Mlimsikia, na wengi wenu mlimtambua. Hakusema kwamba anaumwa. Baba yake yuko njiani kutoka Lumakanda. Ninaomba asizikwe kabla baba yake hajamwona."

Watu walianza kukusanyika nyumbani kwa Wanzala kabla ya adhuhuri, wengi wao wanawake, na wengine walikuwa bado wameshika majembe. Hawakuvunja kitu wala kupiga kelele. Waliketi tu uani na kukataa kuondoka, hadi Mzee Andati alipofika na polisi. Aliingia ndani peke yake. Alipotoka, alikaa chini kwenye udongo mbele ya watu wote, mtu mzima kama yule.

Daktari alikuta mbavu zimevunjika na damu imevia tumboni. Wanzala alikamatwa, kisha akaachiliwa kwa dhamana akisubiri kesi. Mzee Andati alimchukua mjukuu wake na mwili wa binti yake, akarudi nao Lumakanda. Kabla ya kuondoka alipita redioni.

"Nimeambiwa alikupigia simu," alimwambia Sellah.

"Ndiyo, Mzee."

"Mimi hakunipigia." Alifika mlangoni, akageuka. "Sijui nikushukuru ama nikulaani. Nitajua nikizeeka zaidi."

Jumatano iliyofuata hakuna simu iliyoingia. Wala ile nyingine. Christine alisema wafunge kipindi, naye akaacha kuja kwa muda. Sellah aliketi mbele ya kipaza sauti, akasoma ushauri wa kliniki na bei za mahindi.

Kisha mwanamke mmoja alikuja ghalani na gunia tupu, akijifanya ananunua mahindi. Alimsimulia Sellah yaliyomkuta nyumbani huku wamesimama kati ya magunia. Jumatano Sellah aliyasema hewani kwa sauti yake mwenyewe, akitumia "mimi". Mume wangu alinichoma kwa chai. Mume wangu aliuza kuku wangu wote. Alibadilisha hiki na kile ili mwenyewe asijulikane. Wiki ile nyingine walikuja wawili. Christine alirudi kwenye mitambo bila kuombwa.

Tatizo ni kwamba watu waliamini. Sokoni wakaanza kunong'ona kwamba marehemu mume wa Sellah, mzee wa kanisa aliyekuwa mpole hata kwa ng'ombe, kumbe alikuwa mnyama. Shemeji yake, Mukhwana, alimfuata nyumbani na hakukubali kuketi.

"Ndugu yangu aliwahi kukuinulia mkono?"

"Hata siku moja."

"Basi kwa nini unamchafua akiwa kaburini?"

Sellah alimweleza kila kitu. Mukhwana alisikiliza, kisha akasema, "Sema hewani kwamba hayo si yako."

"Nikisema si yangu, wataanza kuuliza ni ya nani."

"Na watoto wake? Wataishi na jina gani?"

Mukhwana alimwambia asikanyage tena kwake hadi atakaposafisha jina la ndugu yake, akaondoka bila kuaga. Sellah alilia siku ile kama alivyolia siku ya mazishi ya mumewe.

Jumatano alifika redioni mapema. Wanawake watatu walikuwa wakimsubiri ghalani, kila mmoja na gunia lake. Aliwasikiliza mmoja baada ya mwingine, akaingia ndani, na Christine akafungua kipaza sauti.

"Mume wangu," Sellah akaanza.