Jirani wa Moto

Katika kijiji cha kina Gaudiosa, chini ya msitu wa Mbizi, mtu hawashi moto peke yake. Moto wa jikoni ni shauri lake, lakini moto wa shambani au wa pembezoni mwa msitu lazima awe na mwenzake. Mmoja anashika kiberiti, mwingine anasimama upande wa pili na tawi bichi mkononi. Huyo mwenzake wanamwita jirani wa moto. Unaweza kugombana naye mwaka mzima kwa ajili ya mbuzi au mpaka, lakini mwezi wa sita ukifika mnapanda mlimani pamoja, mnafyeka pamoja, mnachoma pamoja.

Wanafanya hivyo kwa sababu wanaijua miezi inayokuja. Mwezi wa sita nyasi zimekauka vichwa tu, chini bado zina ubichi, na moto unatembea kwa adabu. Ikifika Septemba nyasi zote ni kama karatasi. Moto kichaa ukianza huko mabondeni hausikii matawi wala kengele ya kanisa. Ndiyo maana kijiji kinachoma mapema ukanda mweusi chini ya msitu, ili moto kichaa ukija ukute chakula chake kimeshaliwa. Ukanda huo umegawanywa vipande, kila kaya na kipande chake, na kaya mbili zinazopakana ndizo majirani wa moto.

Kwa miaka mingi jirani wa moto wa Gaudiosa na mumewe Sebastiani alikuwa mzee Teodori, mtu asiyesikia vizuri na asiyemtia mwanamke yeyote wasiwasi. Lakini shamba alilolima mzee Teodori halikuwa lake, na mwaka huu alihamia kwa mwanawe anayeishi Mwimbi. Shamba likarudi kwa mwenyewe, na mwenyewe alikuwa Salome, mama Jane.

Salome alikuwa amekaa Matai muda mrefu, akiuza chakula karibu na ofisi za halmashauri. Mumewe alipofariki akarudi kwenye ardhi ya marehemu baba yake. Alirudi akiwa na afya njema, na kicheko kinachovuka mabonde mawili, na jambo moja ambalo hakulibeba yeye ila kijiji kilimtunzia: kabla ya kumwoa Gaudiosa, Sebastiani alikuwa amepeleka posa kwa baba yake Salome. Posa ilikataliwa, watu wakaacha kuitaja. Gaudiosa hakusahau. Alikuwa ameiweka mahali, kama mtu anavyoweka sindano, akijua iko wapi.

Juni ilipoingia, Sebastiani alianza kupanda mlimani na fyekeo lake. Mwanzoni Gaudiosa hakuona kitu. Baadaye akaanza kuona. Aliona mumewe ananyoa ndevu kabla ya kwenda kufyeka nyasi. Aliona anavaa lile koti la sufu la Jumapili, na alipoulizwa alisema kule juu kuna baridi, kana kwamba miaka mingine kulikuwa na joto. Aliona pia kwamba majirani wengi walikuwa wameshamaliza vipande vyao, na kipande chao kilikuwa bado kimesimama nusu, nyasi zikipunga mikono.

Siku moja bombani alimkuta Bertha, mke wa fundi cherehani, ambaye habari humfikia kabla hazijatokea.

"Mama Flavian, umechoka kweli," Bertha alisema, akitega ndoo yake. "Au ni baba Flavian ndiye anayechoka? Maana kufyeka vipande viwili si mchezo."

"Viwili vipi?"

"Aa, mimi sijasema kitu. Nilipita nikiokota kuni tu. Nikasikia kicheko, nikasema, kumbe kazi ya moto siku hizi ina raha hivi!"

Wanawake wengine wakaangalia maji yanavyojaa kwenye ndoo zao, kwa makini sana.

"Bertha, ulimi wako utakuja kukatwa na cherehani ya mumeo."

"Ukatwe tu, mama. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja."

Gaudiosa alijitwika ndoo yake ikiwa haijajaa. Njia nzima maji yalimmwagikia mgongoni na hakuyasikia.

Jioni alimwandalia mumewe ugali wa ulezi na maharage, akakaa mbele yake akimwangalia anavyotafuna.

"Kipande kimefika wapi?"

"Kinakwenda."

"Kinakwenda wapi? Maana vya wenzako vimeshafika."

Sebastiani alicheka kidogo. Alikuwa mwanamume mpole, mwenye maneno mengi kwa watu na machache nyumbani. "Salome hana mtu wa kumsaidia, mama Flavian. Yule ni jirani wa moto. Mwenzako akibaki nyuma, na wewe umebaki nyuma."

Lilikuwa neno la kweli, na ndiyo maana lilimuuma. Kama angedanganya, angepata pa kushika. Usiku ule alilala ameugeukia ukuta, akimsikia mumewe anavyopumua vizuri, kama mtu asiye na deni na yeyote.

Asubuhi Sebastiani alisema anashuka mjini, Katandala, kununua fyekeo jipya, la zamani limekwisha makali. Akaondoka na bodaboda. Gaudiosa alibaki mlangoni akiwaza: fyekeo jipya, kwa nyasi za nani? Wazo lilimjia hapo hapo, na lilikuja limevaa nguo za busara kabisa. Kipande kikichomwa leo, kazi itakuwa imekwisha. Kazi ikiisha, hakuna safari ya mlimani. Hakuna safari, hakuna kicheko.

Akachukua kiberiti, akakata matawi mabichi njiani, akapanda.

Alijua sheria. Moto wa kinga huwashwa jua likishaegemea, upepo umelala, ili umande wa jioni umalizie kazi. Sasa ilikuwa asubuhi, na upepo wa kutoka bonde la Rukwa ulikuwa umeanza kupanda taratibu. Alijua pia kwamba hana mwenzake. Lakini alitazama upande ambao upepo unaelekea, akaona shamba la Salome lenye matuta ya ntumba, na moyo wake ukatulia. Kila Mfipa anajua moto haupiti kwenye ntumba. Wenzetu wa mikoa mingine wanachoma nyasi kwanza ndipo walime. Wafipa wanazing'oa mbichi wakati wa mvua, wanazirundika na kuzifunika udongo hadi zinakuwa vichuguu vya mviringo, nyasi zinaoza ndani na kuwa mbolea. Shamba la ntumba ni udongo mtupu juu. Moto ukifika hapo unakosa mguu.

"Ntumba zake zitasimama badala yake," alisema kwa sauti. Kisha akaongeza, "Angalau zifanye kazi hata kama yeye anacheka."

Akawasha.

Moto ulianza vizuri. Ulikula nyasi zilizofyekwa, ukaingia kwenye zile zilizosimama, na Gaudiosa akawa anatembea pembeni akipiga kingo kwa tawi, uso ukimwaka, akihisi furaha ambayo hakuwa ameihisi siku nyingi. Upepo ukausukuma kuelekea shamba la Salome. Miali ikafika kwenye matuta ya kwanza, ikainama, ikafa. Gaudiosa akasimama, akajishika kiuno. Nyuma yake ukanda ulikuwa mweusi na safi. Mwanamke peke yake, bila mwanamume na bila jirani.

Ndipo alipoona moshi katikati ya matuta.

Hakuelewa. Ulikuwa moshi mwembamba, unatoka juu ya tuta ambalo moto haukulifikia. Kisha tuta lingine. Alikimbia akaligusa la karibu kwa mguu, udongo ukabomoka, na ndani akaona nyasi kavu kabisa, nyekundu, zinavuta hewa kama makaa. Salome alikuwa amerudi mvua zikiisha. Alifunika nyasi mwezi wa tano, zimeshaanza kukauka, na kwa haraka udongo aliuweka mwembamba na nyasi zikachomoza pembeni kama nywele chini ya kilemba. Hazikuwa zimeoza. Mtu yeyote aliyepita pale angeona. Gaudiosa alikuwa amepita mara nyingi, lakini macho yake yalikuwa yanatafuta nyayo za mumewe.

Moto ulipita chini kwa chini, tuta hadi tuta, ukatokea upande wa pili, kwenye nyasi ambazo hazikufyekwa. Upande huo kulikuwa na lundo la ulezi ambao mzee Teodori aliupanda na kumwachia Salome, limevunwa na halijapigwa. Nyuma ya lundo ilikuwa miti ya kwanza ya Mbizi.

Gaudiosa alipiga kelele. Ni kelele ileile moja ya huku, ndefu, inayopanda, ambayo hata mgeni akiisikia anatafuta tawi.

Wa kwanza kufika alikuwa Salome, miguu mitupu, jembe mkononi. Hakuuliza nani. Aliangalia upepo, aliangalia ulezi, akaangalia msitu.

"Mama Flavian, acha kupiga juu! Fukua! Mimi nafukua huku, wewe huku. Tuta likifunguka, tandaza udongo!"

"Ulezi wako, mama Jane!"

"Ulezi nitalima mwingine. Msitu nani atalima?"

Basi wakafukua. Walikwenda sambamba, mmoja akivunja tuta na mwingine akizima, wakipokezana bila kuambiana, kama watu waliofanya kazi hiyo tangu utoto. Cheche zilitoboa kanga ya Gaudiosa. Salome akamvuta mkono, akampiga begani kwa tawi hadi ikazimika, wakaendelea. Watu wa kijiji walipofika na matawi na madumu ya maji, wakiongozwa na Abeli, mwenyekiti wa kamati ya moto, moto ulikuwa umeshalamba nusu ya lundo la ulezi na kuunguza magome ya miti miwili mitatu ya mbele. Ndani ya msitu haukuingia. Abeli aliweka watu wa kulinda matuta yanayofuka, wengine wakaenda kuokoa ulezi uliobaki.

Gaudiosa na Salome wakaketi chini, weusi kama masufuria. Mwishowe Gaudiosa akaona kwamba asiposema sasa hatasema tena.

"Nimewasha mimi."

"Najua. Kiberiti unacho mkononi mpaka sasa."

Gaudiosa akaangalia mkono wake. Kweli.

"Nilitaka kipande kiishe," alisema. "Nilitaka asiwe anakuja."

Salome alifuta jasho, akalipaka zaidi. Alionekana anachagua maneno. "Mumeo anafyeka hatua mbili, anasimama, ananisimulia ule moto aliouzima ujana wake. Kesho yake anarudia. Na kila siku miali inaongezeka urefu. Mimi nacheka, nifanyeje? Mtu anakusaidia kazi."

"Hakukwambia neno lingine?"

"Alisema moja."

Gaudiosa akamgeukia mzima mzima.

"Alisema baba yangu angekubali ile posa, leo hii shamba hili lingekuwa na mwanamume. Nikamwambia, fyeka. Jioni ile nikaenda kwa mwenyekiti nikaomba nibadilishiwe jirani wa moto. Muulize Abeli. Amesema nisubiri kikao."

Gaudiosa alitegemea kwamba akisikia hivyo atapumua. Alipumua, lakini pumzi ilikwama katikati. Mume wake, baba wa Flavian, mwanamume ambaye yeye amemlinda miaka yote hii, amekataliwa kama boga bovu sokoni? Ana nini kibaya? Akamwangalia Salome kwa hasira mpya kabisa, na hasira hiyo ilimshangaza mwenyewe.

Kikao kilifanyika kesho yake nje ya ofisi ya kijiji. Sebastiani alikaa mbele, fyekeo jipya magotini, akitazama makali yake. Gaudiosa alisema alichofanya. Sababu hakuisema, na hakuna aliyeuliza, kwa kuwa kila mtu alikuwa nayo. Abeli akatoa hukumu ya desturi: aliyeachia moto hashiki kiberiti cha kinga tena mpaka kamati iridhike, na kaya yake itamrudishia mwenzake ulezi ulioungua wakivuna. Gaudiosa akakubali.

"Sasa," Abeli alisema, "kipande cha mama Jane bado. Ameomba jirani mwingine. Nani atasimama naye?"

Watu wakatazamana. Bertha akamkanyaga mumewe mguu asije akanyanyuka. Sebastiani akakohoa, akaanza kuinuka. "Kwa kuwa mimi nimeshaanza..."

"Kaa, baba Flavian," Gaudiosa alisema, akiwa ameshasimama. "Kaya ni ileile. Nitasimama mimi."

Watu wakaangua kicheko. Abeli akamgeukia Salome. Salome alifikiri, kwa muda mrefu kidogo kuliko ambavyo Gaudiosa angependa, kisha akatikisa kichwa kukubali. "Anafukua vizuri," alisema.

Jioni jua lilipoegemea na upepo kulala, wanawake wawili walikuwa mlimani. Salome alishika kiberiti, Gaudiosa akasimama upande wa pili na tawi lake. Moto ulitembea mdogo mdogo kati yao, na chini kule taa za kwanza za Sumbawanga zilianza kuonekana.

Sebastiani akatokea kwenye njia, tawi begani, koti la Jumapili mwilini.

"Nimekuja kuangalia tu," alisema.

"Jirani wa moto ni wawili," Gaudiosa alimjibu. "Mwenyekiti yuko kule chini kwenye kipande cha kina Valerian, hana mtu wa kusimama naye. Nenda."

Sebastiani alisimama kidogo, akamwangalia mmoja, akamwangalia mwingine, akageuka akashuka.

Gaudiosa akautupia macho uso wa Salome kuona kama anamsindikiza mumewe kwa macho. Salome alikuwa anautazama moto, anapiga ukingo, hana habari.

Gaudiosa naye akapiga ukingo wake. Kisha akamtazama tena, ili awe na uhakika.